Muulize Shangazi wa Sindano: Kazi yako inaenda kwa majaji, umeiandaa?

Jamani mmeniandikia! Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba kazi ya kudarizi kwa mkono unaweza kuipeleka kwenye maonyesho yenye majaji, basi maswali yakaja mfululizo, na nimefurahi kwelikweli maana nyingi ni kazi zilizokaa kabatini miaka, zimeviringishwa kwenye mfuko, hakuna aliyeziona zaidi ya watu wa nyumbani. Nimechagua sita. Jibu la kwanza refu kidogo, nivumilieni, hapo ndo penye mambo.

Shikamoo Shangazi. Nimedarizi ndege wawili juu ya tawi, miezi minane nimekaa nao, mabawa nimetumia ule mshono wa ndefu na fupi (mrefu na mfupi kwa kupishana), majani satini (mishono inayolala bega kwa bega), na maua ni mafundo madogomadogo. Dada yangu anasema niipeleke kwenye maonyesho ya kazi za sindano. Mi naogopa, sijasomea popote, nilijifunza kwa kuangalia watu. Hivi majaji wanaangalia nini hasa? Si nitaaibika mbele ya waliosomea?
*Mwenye ndege wawili*

Marahaba mwanangu. Kwanza ondoa hofu ya waliosomea, maana maonyesho mengi yanagawa washiriki, kuna kundi la wanaoanza, kuna la wanaofanya kwa mapenzi tu, na kuna la wanaolipwa kwa kazi hii au wanaofundisha. Soma fomu vizuri ujue we unaingia wapi, na hapo uwe mkweli, maana kama umeshauza kazi zako au umefundisha darasa kwa malipo sheria zao zinaweza kukuweka kwenye kundi la wenye ujuzi hata kama mwenyewe unajiona mchanga.

Sasa majaji. Kitu cha kwanza ujue ni kwamba jaji hahukumu miezi yako minane, hajui habari za usiku uliokesha wala jicho lililokuuma, anahukumu kilichopo mbele yake, na mara nyingi hata jina lako halijui kwa sababu linafunikwa au linawekwa namba. Wengi wanaanza kwa kusimama mbali, wanaangalia picha nzima inasemaje, rangi zinaelewana au zinagombana, macho yako yanaenda wapi kwanza, alafu ndo wanasogea karibu, na karibu ninaposema ni karibu, pua na kitambaa, wengine na kioo cha kukuzia.

Hapo karibu, kwa kazi kama yako, wanaangalia hivi. Kwenye satini wanaangalia ukingo wa jani, je umenyooka au una meno meno kama msumeno, na katikati je kitambaa kinachungulia kati ya uzi na uzi. Kwenye mabawa wanaangalia rangi moja inavyoingia kwenye nyingine, kama kuna mstari unaonekana pale ulipobadilisha uzi basi ile ndefu na fupi hazikuwa ndefu na fupi vya kutosha, zilipangana kama matofali. Na pia mwelekeo, unyoya wa ndege unalala kutoka kichwani kwenda mkiani, uzi nao ulale hivohivo. Kwenye mafundo wanaangalia ukubwa, kama umezungusha uzi mara moja basi yote mara moja, kama mara mbili basi yote mara mbili, isipokuwa umekusudia ua liwe na katikati kubwa na pembeni ndogo, na hio ikionekana imekusudiwa hakuna jaji atakayekukata.

Chukua kazi yako sasa hivi, iweke dirishani mwanga uje kwa pembeni, si kwa juu. Mwanga wa pembeni hausemi uongo, utaona kila uzi uliolegea na kila mahali kitambaa kilipojikunja kwa sababu ulivuta sana. Kukunjamana huko ndo kitu kinachoshusha alama za kazi nyingi nzuri, na chanzo chake mara nyingi ni kitambaa kutokazwa vizuri kwenye fremu, au umekaza mwanzo alafu hukurudi kukaza tena, maana kitambaa kinalegea kadiri unavyofanya kazi. Kidogo kitanyooka kwenye kufua na kupiga pasi. Kikubwa hakinyooki, lakini jani moja au mawili yaliyovuta unaweza kuyafumua ukayarudia, na mi nakushauri uyarudie, siku mbili za kazi hazizidi miezi minane.

Kingine ni kung'aa kwa uzi. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi ndogo sita, na ukizitumia mbili au tatu pamoja zinajisokota mkononi kila ukivuta sindano, zikijisokota zinakuwa kama kamba na mng'ao unapotea. Zitenganishe moja moja kwanza ndo uziunganishe tena, kata kipande kisichozidi kama sentimita 45, na kila baada ya mishono kadhaa achia sindano ining'inie ijizungushe yenyewe mpaka itulie. Kwenye satini hili jambo linaonekana kama mchana na usiku.

Na usije ukawaza kwamba jaji anatafuta makosa tu. Kazi iliyo na roho inaonekana. Ila roho peke yake haiwezi kuficha uzi unaoning'inia, ndo maana nakuhimiza uisafishe kazi yako mpaka kisibaki kitu kidogo cha kumtoa jaji kwenye ndege wako. Peleka mwanangu. Dada yako kasema kweli.

Shangazi naomba unisaidie, nasikia majaji wanageuza kazi kuangalia nyuma. Ya kwangu nyuma ni fujo tupu, mafundo na nyuzi zinapita kila mahali. Ni kweli wanageuza? Kama nikiweka kwenye fremu si hawataona?
*Nyuma kumechafuka*

Inategemea maonyesho, kuna wanaogeuza na kuna ambao hawagusi kabisa kama kazi imeshafungwa kwenye fremu. Lakini mpenzi, tatizo la nyuma haliishi nyuma. Linakuja mbele. Ngoja nikuambie yaliyonikuta.

Kazi yangu ya kwanza kupeleka ilikuwa kitambaa cheupe cha kitani na majani ya kijani yametawanyika, jani hapa jani pale, hayagusani. Mi kwa kutaka kuokoa uzi nikawa namaliza jani moja nauvuta ule uzi wa kijani kwa nyuma mpaka jani jingine, sentimita tatu nne hivi, naendelea. Nyumbani nilikuwa naiangalia imelala kwenye meza ya mbao, sikuona kitu. Siku nimeshaiweka juu ya ubao mweupe, mwanga wa ukumbini umeipiga, ile mistari ya kijani ikatokea yote, kivuli kutoka jani hadi jani, kama mishipa kwenye mkono. Jaji akaandika sentensi moja: nyuzi za nyuma zinaonekana mbele. Alisema kweli, na sentensi hio nimeibeba mpaka leo, kila nikimaliza jani nakata.

Kwahiyo kwenye kitambaa chepesi au cheupe usivushe uzi mweusi au wa rangi nzito sehemu isiyodariziwa, hata sentimita moja ni nyingi. Mafundo nayo, ukishaikaza kazi juu ya ubao yanajitokeza mbele kama vipele, na kama ni nguo au mto fundo linaweza kufunguka. Anza bila fundo. Kama unatumia nyuzi mbili, chukua uzi mmoja mrefu, ukunje katikati, ncha mbili pamoja zipite kwenye tundu la sindano, upande wa pili unabaki kitanzi. Toboa kutoka nyuma kuja mbele, rudi nyuma, pitisha sindano ndani ya kile kitanzi, vuta. Umeshafunga na hakuna fundo. Kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili fanya fundo la muda, liweke mbele ya kitambaa sentimita kadhaa kutoka unapoanzia, dariza kuelekea kwake ili mishono ifunike ule mkia kwa nyuma, ukilifikia unalikata. Kumaliza, pitisha sindano chini ya mishono minne mitano ya nyuma, rudi kidogo, kata.

Kuna kazi ambazo nyuma ni lazima iwe sawa na mbele, na hizo ndo majaji wanazigeuza bila huruma. Wadarizi wa Suzhou kule China wanajulikana kwa hariri ya pande mbili, unazunguka huku na huku unaona paka yuleyule hakuna fundo hata moja. Na ule mshono wa Holbein, unakwenda mbele unaruka alafu unarudi kujaza nafasi ulizoruka, nao unatoka sawa pande zote, umepewa jina la mchoraji Hans Holbein kwa sababu picha zake za watu wa karne ya 16 zinaonyesha shingo na mikono ya mashati iliyodariziwa namna hio, na ilibidi iwe hivo maana ukosi ukijikunja ndani yake inaonekana. Basi jiulize kitu chako kitatumikaje. Kitambaa cha meza, leso, shela, ukosi, hivi nyuma yake inaonekana na watu, isafishe. Picha ya ukutani we hakikisha tu nyuma haisumbui mbele.

Ya kwako ilivo, usifumue yote. Iinue juu kwenye mwanga wa dirisha, weka karatasi nyeupe nyuma yake, kila uzi unaoonekana kwa mbele ufunge na uukate, vingine viache.

Shangazi nimepatwa na janga. Nilichora dizaini kwa ile kalamu ya bluu inayofutika na maji, nilipomaliza nikapiga pasi kwanza ili ikae vizuri, alama zimegeuka kahawia na hazitoki. Zimebaki wiki tatu niwasilishe. Nifanyeje?
*Pasi imeniponza*

Pole sana, sana. Naomba wengine wote msome hapa taratibu. Wino wa ile kalamu ya bluu ukipata joto unajifunga kwenye kitambaa, kwahiyo kabla ya pasi, na hata kabla ya sabuni, ni maji baridi matupu, mengi, kuloweka kabisa si kupangusa kwa kitambaa kibichi, maana ukipangusa wino unakimbilia pembeni na kikikauka unarudi.

Kwako wewe jaribu kuloweka kwenye maji baridi usiku mzima, badilisha maji mara kadhaa, usisugue. Wakati mwingine inafifia. Ikigoma usikimbilie dawa ya kung'arisha nguo, itakula rangi ya uzi na utakuwa na majanga mawili. Angalia badala yake kama alama unaweza kuzifunika, mstari mmoja wa mshono wa shina, ule unaoonekana kama kamba nyembamba, pembeni ya ua, jani dogo la ziada, na jaji hana njia ya kujua kwamba jani hilo halikuwepo kwenye mpango. Mimi ningefanya hivo.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye kalamu, kuna zile zinazofutika kwa joto, ukipitisha pasi zinapotea hapohapo na kila mtu anazipenda. Mi kwa kazi ya maonyesho nakataa. Wino haujaondoka, umegeuka tu kuwa hauna rangi, na kitambaa kikipata baridi kali, tuseme kifurushi kimesafiri katika baridi iliyo chini ya sifuri, mistari inaweza kurudi, kazi inafunguliwa mbele ya majaji na mchoro wote uko juu. Penseli ya kawaida nayo inachafua nyuzi nyeupe, zinakuwa na kijivu hakitoki. Chora mistari myembamba ambayo mshono utaifunika yote, na kabla ya yote jaribu kalamu kwenye kipande cha kitambaa kilekile, ukifue, ukipige pasi, uone.

Kuhusu kufua kwa ujumla: ndio, fua, hata kama unaona ni safi, mikono yetu ina mafuta na alama ya duara ya fremu haitoki kwa pasi peke yake. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, bonyeza bonyeza usikamue. Suuza mpaka maji yawe meupe. Viringisha kwenye taulo kavu maji yanywewe, alafu lalisha kazi kifudifudi juu ya taulo nene na upige pasi kwa nyuma, mafundo na satini vizame kwenye taulo visibanwe vikawa bapa. Lakini kabla hujalowesha, nyekundu na bluu nzito zijaribu kwanza, bonyeza pamba nyeupe yenye maji kwenye uzi upande wa nyuma, ikitoka na rangi simama. Na ikitokea rangi imevuja umo kwenye maji tayari, usiiache ikauke! Endelea kusuuza kwa maji baridi, saa nzima kama inabidi, ikikauka au ikiguswa na pasi ndo basi tena. Hariri, nyuzi za dhahabu na fedha, na nyuzi zilizopakwa rangi kwa mkono, hizo usizioshe kabisa, zilinde tangu siku ya kwanza kwa kufunika na kitambaa safi sehemu ambayo huifanyii kazi.

Habari Shangazi. Nimepata picha nzuri ya twiga mtandaoni nikaigeuza kuwa pateni ya mshono wa msalaba (nyuzi mbili zinapitana kama X), rangi nimebadilisha mwenyewe. Nataka kuiingiza kwenye kundi la dizaini ya mwenyewe. Kuna mtu ananiambia siruhusiwi. Nimefanya kazi yote mimi!
*Twiga wangu*

Salama. Kazi ya mkono ni yako yote, hilo hakuna anayekupinga. Ila dizaini si yako, picha ni ya aliyepiga, na kubadilisha rangi hakuifanyi iwe yako. Huyo aliyekuambia anakutakia mema.

Maonyesho mengi yana kundi la dizaini yako mwanzo mwisho, kundi la ulichobadilisha kutoka kwa mtu mwingine, na kundi la pateni za kununua au zile seti zinazokuja na kitambaa na nyuzi zake kila kitu. Hakuna aibu kuwa kundi la mwisho, huko watu wanahukumiwa kwa mkono wao na ushindani ni mkali kuliko unavyodhani. Aibu ni kuingia kundi lisilo lako, na wakijua wanakutoa hata kama utepe wa ushindi umeshabandikwa.

Cha kufanya ni kumtafuta mwenye picha umwombe ruhusa kwa maandishi, wengi wanakubali na wanafurahi, alafu kwenye fomu andika wazi kwamba umetoa kwenye picha ya fulani kwa ruhusa yake. Ukikosa jibu, au akikataa, basi usiipeleke hio, kaa nayo nyumbani. Kwa wakati ujao tumia picha uliyopiga wewe, au mchoro wa msanii aliyefariki zamani, nchi nyingi haki zinaisha miaka 50 au 70 baada ya kifo chake, lakini hata hapo mtaje.

Kunakili kukisemwa ni kazi ya heshima kabisa. Lile pazia refu la Bayeux (mji wa Ufaransa) la karne ya 11, ambalo watu wanaliita la kufumwa na kumbe limedariziwa kwa sufu juu ya kitani, karibu mita 70, lina nakala yake Uingereza. Wanawake kama 35 wa chama cha kudarizi cha mji wa Leek waliidarizi na kuimaliza mwaka 1886, na kila mmoja akadarizi jina lake chini ya kipande alichofanya. Leo iko kwenye makumbusho ya Reading na watu wanaenda kuiangalia, hakuna aliyewahi kudanganywa kwamba ndo yenyewe, na sifa yao ya mkono iko palepale.

Kitu kingine kwenye msalaba, kwa kuwa umenitajia: mguu wa juu, ule uzi unaolala juu ya mwenzake, uelekee upande mmoja kazi nzima. Yaani wote. Kagua twiga wako mstari kwa mstari, hasa sehemu ulizofanya siku tofauti au ulipogeuza kitambaa ukakaa vibaya, mguu mmoja ulioenda kinyume unapokea mwanga tofauti na jicho la jaji linaenda pale moja kwa moja.

Shangazi, fremu na kioo ni lazima? Na je nigundishe kwenye ubao kwa gundi ili isicheze?
*Naharakisha*

Gundi hapana! Na ule ubao wenye gundi tayari hapana pia, inakuja kuwa ya njano na kitambaa kinaharibika, na jaji mzoefu anaijua kwa kuigusa tu. Kazi inakazwa kwa uzi. Chukua ubao usio na asidi, acha kitambaa kizidi sentimita 5 mpaka 8 kila upande, tega pini kuanzia katikati ya kila ukingo kwenda kwenye kona ukifuata mstari wa kitambaa unyooke na ukingo wa ubao, alafu geuza na ufunge nyuma kwa uzi imara, unavuka toka ukingo mmoja kwenda wa pili kama unavyofunga viatu, upande mrefu kwanza kisha mfupi. Pini zinatoka mwisho. Inachukua jioni nzima, usiku wa kuamkia kupeleka si wakati wake, na we umejiita naharakisha kwahiyo nakuona.

Kioo soma sheria. Kuna wanaokataa kioo kabisa ili waone mshono, kuna wanaokihitaji. Ukiweka, kisigusane na uzi, weka kadi ya pembeni au vipande vya kuachanisha, la sivyo mafundo yanabanwa na unyevu unanaswa ndani. Vya kuning'inizia pia vinatajwa kwenye sheria, wengi wanataka pete mbili za pembeni na waya katikati, na kazi iliyokuja bila hivyo inaweza kurudishwa mlangoni, nimeshuhudia mtu analia kwa ajili ya pete mbili. Na fremu iwe ya kawaida tu, ikiwa na mapambo mengi inapigana na kazi.

Humohumo kwenye sheria angalia: imetimizwa lini (wengi hawapokei kazi za zamani sana), kama imeshawahi kushindanishwa, kama lazima yote uwe umefanya peke yako, na kama ule mshono wa mashine wa kuunga mto unaruhusiwa. Kama umedarizi herufi za jina lako mbele waulize waandaaji mapema. Na ile kadi ya maelezo ijaze kwa ukamilifu, kitambaa gani, nyuzi gani, mishono ipi, dizaini ya nani, maana jaji akikuta umeandika "maua" basi hajui ulikuwa unajaribu kufanya nini.

Shikamoo Shangazi. Nilipeleka kazi mwaka jana, nikapata utepe mwekundu na karatasi ya maoni yenye mistari mitatu ya makosa. Niliumia, sijashika sindano tangu hapo. Nilishindwa vibaya eti?
*Utepe mwekundu*

Marahaba mwanangu mpenzi. Kwanza huo utepe, ulikuwa wapi? Kwa maana Uingereza mwekundu ndo wa kwanza na bluu ni wa pili, na Marekani ni kinyume, bluu wa kwanza na mwekundu wa pili. Kwa vyovyote hukushindwa vibaya.

Alafu kuna maonyesho yanayotumia ule unaoitwa mfumo wa Denmark, kila kazi inapimwa peke yake dhidi ya kiwango, hailinganishwi na ya jirani, kwahiyo wanaweza kutoka watu kumi na bluu au asitoke hata mmoja. Huko mwekundu maana yake ni kazi nzuri ambayo kuna mahali imepungua kidogo, hakuna aliyekupita. Tafuta kijitabu cha maonyesho yale uone walitumia upi.

Sasa ile karatasi. Najua inavyouma, uliweka moyo wako pale na mtu usiyemjua akaandika mistari mitatu. Lakini nakuomba uitoe ulipoificha. Jaji ana kazi nyingi mezani na muda mchache, na kazi isiyo na matumaini haiandikiwi mistari mitatu, inaandikiwa mmoja wa heshima basi. Isome ukiwa na kazi yenyewe mkononi, mstari wa kwanza, tafuta mahali anaposema, weka kidole hapo, uone kama unakiona alichokiona. Pengine kimoja hutakubaliana nacho, sawa, majaji ni watu. Viwili vilivyobaki chukua kitambaa kidogo ujaribu hivyo viwili tu, usianze picha kubwa.

Niandikie ukishajaribu, nataka kujua hio mistari ilisema nini.